Kofia Anayoidai Mdogo Wangu

Jumatatu, 3 Machi

"Mtu anayelala wodini akidai kofia kutwa kucha, akili yake imeshaaga." Hayo ameyaandika kaka yangu leo, kwenye kundi la familia la simu. Halafu akaongeza: gari la mdogo wetu liuzwe kabla hajaruhusiwa Jumamosi. "Kwa heri yake."

Uongo mtupu! Kofia ni paa la gari lake. Paa la kitambaa, jeusi, la kujikunja nyuma. Tangu alinunue analiita hivyo. "Ngoja nivue kofia," anasema, anabonyeza kitufe, na jua linaingia. Kaka amepanda gari hilo mara ngapi? Hakusikia. Yeye hujisikia mwenyewe. Ndiyo maana namwita Mwenyekiti — tangu baba afariki hajapokea ajenda ya mtu mwingine.

Kiharusi kimemnyang'anya mdogo wangu maneno mengi, na nguvu za upande wa kushoto. Machache kimemwachia, na hilo ndilo la kwanza. Wauguzi wamemvika kofia ya sufi. Akaivua. Wakamvika tena.

Nimejibu kundini kwamba anauliza habari za gari lake. Wifi, mke wa kaka, akaweka kikatuni cha machozi. Basi.

Gari liko kwangu, uani, chini ya mti. Sijalitazama sawasawa tangu alazwe. Kesho.

Jumanne, 4 Machi

Nimelitazama. Mavi ya ndege. Majani yaliyooza penye mikunjo. Ukungu wa kijani kando ya mishono. Juu ya kiti cha dereva kitambaa kimepauka kama goti la suruali ya shule.

Nikalipeleka kwa mwosha magari wa pale kona. Ana mashine ya presha, anaishika kama bunduki. "Mama, dakika mbili tu linarudi jipya." Nikamwambia presha itapasua mishono na kung'oa nyuzi. "Basi lioshe kwa mate," akasema. Wenzake wakaangua kicheko. Nami nimecheka. Jibu zuri lazima likubaliwe, hata likitoka kwa adui. Nikarudi na gari chafu vilevile.

Kitabu cha gari kimo kwenye droo ya dashibodi. Nimekisoma chote. Mwandishi wake ni mkavu kama hansadi ya Bunge, lakini hadanganyi. Sabuni ya unga, hapana. Dawa ya madoa, hapana. Brashi ngumu, hapana. Kitambaa kina kinga ya kuzuia maji. Sabuni kali huiondoa. Ikiondoka, maji hayateremki tena — yananywewa.

Kila mtu anajua kwamba kinga ni bora kuliko tiba. Kisha kila mtu anapanga foleni ya tiba.

Jumatano, 5 Machi

Nimeosha. Brashi kavu kwanza, kufuata nyuzi, mbele kwenda nyuma. Kisha maji ya mpira, ya kutiririka tu. Kisha sabuni ya maji ya vitambaa na brashi laini, kipande kwa kipande. Povu la kwanza lilitoka rangi ya chai. Lililofuata kijivu. La mwisho jeupe. Ukungu wa kwenye mishono ulibisha sana, lakini umekutana na mtu ambaye kubisha ndiyo kazi yake. Mgongo sina.

Kaka akapita. Akasimama getini, mikono nyuma. Nahangaika na nini, akauliza, mtu mzima kuogesha turubai?

"Naiosha ile akili iliyoaga," nikamwambia.

Hakucheka. Akasema kwa sauti ya chini, si ile ya mwenyekiti: "Dada, unataka tuje tumwokote mtaroni? Mguu wa kushoto haumtii."

"Gari ni otomatiki, kaka. Mguu wa kushoto una kazi gani humo? Hata wangu nikiendesha huwa umelala."

Akafunga geti, akaenda zake. Kaka akiondoka hajakubali, namjua.

Hofu yake ni ya kweli. Naandika hivyo kwa haki. Lakini hofu ndiyo mali yake. Gari si mali yake.

Alhamisi, 6 Machi

Paa linakauka, limefungwa, limenyooka. Kitabu kinaonya: lisikunjwe likiwa bichi hata kidogo. Unyevu ukifungiwa kwenye mikunjo, ukungu unarudi na madoa hayatoki tena.

Wodini mchana. Nikamwonyesha picha kwenye simu. Akaitazama weee. "Kofia," akasema.

Ndiyo, kofia.

Kidole chake cha kulia kikasugua hewa — mbele, nyuma, si duara. Nikamwambia najua, nimesoma. Akanikata jicho. Jicho lilelile alilokuwa akinikata mezani nikianza hotuba.

"Dawa?"

Kesho.

"Mbili."

Sawa, mikono miwili ya dawa ya kuzuia maji, kama rangi ya ukuta.

Nikamkumbusha siku aliyolinunua. Kaka alimuuliza mwanamke asiye na mume anatafuta nini kwenye gari lisilo na paa. Akajibiwa: "Vyote viwili huvuja, kaka. Ila paa najua pa kuziba." Mdogo wangu amecheka kwa nusu ya mdomo. Nusu ilitosha.

Muuguzi akaja kuuliza tunacheka nini. Nikamweleza kofia ni kitu gani. Akashika kinywa. "Jamani! Na sisi tunamvalisha sufi na joto lote hili!" Akaichukua, akaondoka nayo.

Ijumaa, 7 Machi

Nimefunika bodi na vioo kwa magazeti, dawa isirukie rangi. Magazeti yenyewe ndiyo yenye makala zangu, mengine sina. Miaka yote hii ya kupigana na mawaziri na maprofesa — leo makala zangu zimekinga kitu!

Mkono wa kwanza umepita. Harufu inapasua kichwa.

Kaka akapiga simu. Amepata mnunuzi, daktari wa meno. Mdogo wetu "atatia dole gumba tu."

Nikamwambia achague moja. Kama akili imeaga, dole gumba hilo si kitu. Kama dole gumba ni halali, akili ipo — basi na aulizwe!

Akakata simu. Serikali zikishindwa hoja hukata mtandao. Kaka hukata simu.

Jumamosi, 8 Machi

Asubuhi na mapema nikadondosha tone la maji juu ya paa. Likasimama kama ushanga, likateremka, likaacha pakavu. Nilisimama pale nikilitazama kama mjinga. Kisha nikapuliza mkono wa pili. Likae limefungwa mpaka jioni, nikajiambia, nikaenda dukani kununua mkate wa mgonjwa.

Narudi — geti wazi. Kaka, wifi, daktari wa meno. Na paa limekunjwa! Dawa mbichi! Ufunguo niliuacha msumarini jikoni.

"Mgeni alitaka kuliona likiwa wazi," akasema kaka.

Mgeni alikuwa ameinamia mikunjo kama anatafuta jino bovu. "Huku mbona kunanata?"

Nikamweleza kwa nini kunanata. Nikamweleza pia kwamba mwenye gari anarudi leo hii, bei amuulize yeye. Akamgeukia kaka: "Si ulisema hajitambui?" Kaka akaanza kueleza. Daktari akaenda kukaa ndani ya gari lake mwenyewe, nje ya geti, kioo juu. Hajaondoka.

Mawingu yamejaa. Nikaomba ufunguo, bila ufunguo kitufe hakifanyi kitu, paa haliinuki. Kaka akautia mfukoni. Tumalize kwanza mazungumzo, anasema.

Nikaingia, nikakaa kiti cha dereva, nikafunga mlango. Sishuki.

Wifi ameniletea mwavuli, akarudi barazani kusimama karibu na mumewe. Naandika chini yake. Matone yameanza. Muuguzi ametuma ujumbe: wako njiani na gari la wagonjwa, mgonjwa amekataa kulala, amekaa mbele kwa dereva. Anauliza lile neno lake.

Kaka, na wewe wifi: mnaniona naandika, mnadhani ni makala nyingine ya kesho. Hii ni yenu ninyi wawili. Wifi, mwavuli wako unanikinga mimi, haulikingi gari. Ufunguo uko mfuko wa kulia wa mumeo, na wewe umeuona ukiingia. Kaka, ukitaka kuliuza, msubiri hapo getini, mfungulie mlango, mtazame usoni, umuulize. Atakujibu. Lakini asilikute gari lake kichwa wazi mvuani. Leteni ufunguo.