Siku Tatu za Wasini

Msambweni

Mjukuu wangu Rukia, mke mwenzangu,

Shikamoo yako ya Maskati nimeipokea, marahaba. Mimi mzima, ila nimechoka hata kalamu naiona nzito. Nyumba naiuza nije kwenu, na kuta zilizolambwa na mvua za Elinino zataka chokaa.

Wauliza kwa nini niliiacha kazi hiyo nikaenda Wasini siku tatu kwa dada yangu Mwanasha, na mnunuzi yu njiani.

Nilipokuwa ndiyo kwanza nimeolewa, marehemu babu yako na mimi tuliiuza nyumba yetu ya Jego ili tuhamie Tanga. Mama alinisihi, "Njoo ulale kwangu hata siku mbili." Nikamjibu, "Nikimaliza kukandika, mama." Nikakandika mpaka asubuhi ya safari. Mnunuzi akaibomoa nyumba wiki ile ile. Alichotaka ni kiwanja. Kwa mama sikulala tena.

Niliporudi kutoka Wasini, chokaa ilikuwa imegandia ndooni. Mnunuzi ameikuta nyumba nyeupe upande mmoja, amesema atanijibu. Akikataa, atakuja mwingine.

Siku ukinipokea, usiniulize nyumba niliiachaje. Niulize Mwanasha nilimwachaje.

Bibi yako,
Mwanamisi