Mashine Haihitaji Mtu wa Kukusimamia

Mpendwa mshauri, nisaidie kabla sijaichukia jimu yenyewe, maana nimeuliza huku na huku na kila mtu ana lake. Mimi ni mwokaji mikate, kutwa nabeba mifuko ya unga kutoka stoo hadi kwenye mashine ya kukandia, ndiyo maana nafanya mazoezi ya nguvu, si urembo. Sasa mwalimu wa jimu ananiambia nibaki kwenye mashine, unakaa, unachomeka pini kwenye uzito unaoutaka, unasukuma, chuma kinapita njia yake na hakikudondokei, halafu mwenzangu kazini anacheka, anasema mashine ni za wavivu, nguvu ya kweli ni ya vyuma unavyonyanyua kwa mikono yako, na kusema kweli kwenye mashine nasukuma uzito mkubwa kuliko zamani lakini mfuko wa unga ukiyumba begani nayumba nao.

Zamani nilikuwa upande wa vyuma. Aliyenipeleka ni wifi yangu, dada wa mume niliyekuwa naye, mshona mapazia, mtu wa maneno huyo, usiombe! Ukilala kwenye benchi na chuma juu ya kifua lazima mtu asimame kichwani kwako, mikono tayari, ukishindwa akipokee, na mtu wangu alikuwa yeye, nikikwama ananiambia, "Sukuma wifi, au mikate yote umeila wewe?" nacheka hukohuko chini ya chuma, na kinapanda. Basi mimi na kaka yake tukaachana. Siku niliyokwenda kuchukua vitu vyangu wifi alinisaidia kushusha godoro ngazi zote bila kutoa hata neno moja, yeye wa maneno yote yale, nikajua yamekwisha, damu nzito kuliko maji, amesimama na kaka yake.

Tangu siku hiyo tukikutana jimu tunasalimiana kwa kichwa tu. Nikahamia kwenye mashine, mashine haihitaji mtu, na nakaa kwenye ile ya kuvuta inayotazama kioo kwa sababu kwenye kioo namwona. Amepungua nguvu siku hizi. Vijana wakimwambia, "Mama, tukusimamie?" anatikisa kichwa, anatoa visahani viwili vya uzito kwenye chuma, anasukuma kilichobaki. Mshauri, mume simkumbuki hivi. Namkumbuka yeye, nikisikia kicheko chake nageuka kabla sijajizuia, halafu najifanya natafuta taulo. Lakini hayo tuyaache. Swali langu ni mashine au vyuma?

Mwokaji mikate

JIBU

Mwokaji wangu, pole. Tena pole mbili, ya ndoa na ya wifi, na hii ya pili naona hakuna aliyewahi kukupa.

Tuanze na chuma, nisije nikaambiwa nimekwepa swali. Mashine si za wavivu, mwambie huyo mwenzako apunguze mdomo. Zinafaa sana kwa anayeanza, kwa mwenye maumivu na kwa anayefanya peke yake, kwa sababu zinakushikia njia. Lakini kwa kukushikia njia, zinaipunguzia misuli kazi ya kukuzuia usiyumbe, na mfuko wa unga hauna njia, unakwenda unakotaka. Fanya vyote viwili. Anza na vyuma mwili ukiwa bado na nguvu, malizia na mashine. Vyuma uvianze na uzito mdogo, usijione shujaa. Swali limekwisha. Lilihitaji mistari michache, nawe umeniandikia barua nzima juu ya mshona mapazia.

Haya, tuseme ukweli. Nani anachagua mashine kwa sababu ya kioo? Na eti wifi amepungua nguvu! Amepungua wapi, mama wewe? Huyo anapewa watu wa kumsimamia anawakataa, anaona bora apunguze uzito kuliko kumweka mtu mwingine pale kichwani. Umemtazama siku zote hizo na hilo hukuliona. Kuhusu ngazi, ulitaka aseme nini, ameshika godoro upande mmoja na huenda kaka yake yuko ndani? Mwenye maneno mengi akinyamaza, mara nyingi ameumia. Wewe ukamhukumu palepale, hukumuuliza mpaka leo.

Huenda nimekosea, akakugeuzia mgongo. Utaumia, sitakudanganya. Ila sasa hivi unaumia kila siku bila hata jibu.

Basi sikia. Mkikutana tena, usiende na hotuba, wala usiguse habari za kaka yake. Hayo yana siku yake, kama siku hiyo ipo. Ondoka kwenye hiyo mashine, nenda kwenye benchi, halafu mwite. Najua unaogopa kwamba huna haki tena ya kumwita wifi. Mwite hivyohivyo: "Wifi, njoo unisimamie." Na usilale chini ya chuma kabla hajafika, sitaki kesi. Aliyeachana nawe ni mume. Wifi hakuna aliyekutenganisha naye ila wewe mwenyewe.