Tumemhamisha Lali

Jumatatu, 21 Aprili
Viazi karai vimeisha kabla ya adhuhuri. Kawaida yangu. Kisiwa kizima cha Amu hakuna anayekaanga kama mimi, na anayebisha anabisha mdomo umejaa. Nimepika kwenye meli za watu, Jeddah mpaka Durban, sembuse hapa.
Lali karudishwa nyumbani mara mbili. Kwanza na muuza maji, halafu na mzee wa msikitini, kambeba begani kama gunia la mchele. Mtoto wangu anatoka tu, anashika ndia, anazungusha vidole, ukimwita hageuki. Miaka mitatu, neno hana. Mji hauna magari na kila mtu anajua ni wa nani. "Wa Athmani wa viazi." Nacheka nao. Nikigeuza mgongo sicheki.

Jumatano, 23 Aprili
Hospitali. Daktari kijana, mtu wa bara. Kasema ni usonji. Si jini, si kijicho. Hapa hakuna wa kumfundisha. Mombasa kuna kituo, wanawafundisha watoto kama yeye kuwasiliana na kukaa na watu. Nendeni angali mdogo, kasema. Nikamwambia Mombasa naijua ndani nje. Sikumwambia mara ya mwisho nililala huko bado nina nywele.
Zuhura hakulia. Kauliza neno moja: "Na nyumba?"
Hapo ndipo penye ugumu. Huku mtaani kwetu Mkomani binti hahamii kwa mume, mume ndiye anayehamia. Mimi wa Siyu, kisiwa jirani, nilikuja na sanduku na sufuria yangu, mama mkwe, Bi Swafia, akatupa ghorofa ya juu. Zuhura akitoka, ghorofa ni ya mdogo wake Mwanaidi, na Mwanaidi anachumbiwa.

Ijumaa, 25 Aprili
Nimeshinda! Nilishuka kwa Bi Swafia nimejiandaa kwa vita. Mwaka wa sita huu ananiita "Msiyu" kama anataja ugonjwa. Leo kaniita Bwana.
"Nendani, Bwana Athmani. Mwana mtibuni. Mngu awape ndia."
Na kodi ya mwanzo ya chumba Mombasa atatoa yeye! Ulimi wangu umewalaza manahodha wa Karachi, itakuwa bibi mmoja wa Mkomani? Nimepanda ngazi naimba.
Zuhura hakuimba. Kasema mama yake hajawahi kunipa hata gilasi ya maji.

Jumapili, 4 Mei
Fundi kaja kupaka chokaa ghorofa yetu. Sisi bado tumo ndani. Kapaka mpaka ukingo wa kitanda, akaomba radhi, akaruka, akaendelea.
Mwanaidi ndiye aliyemwambia dada yake, analia. Watu wa mchumba wake wanatoka Malindi, wanakuja Alhamisi kuiangalia nyumba na watu wake. Bi Swafia anataka Lali awe keshaondoka. Wasiseme hali yake iko kwenye damu.
Huo ndio ushindi wangu.
Nikasema basi siendi popote, nitakaa hapa na mwanangu mlangoni nimpokee kila mgeni. Zuhura kaniangalia. "Ukaidi wako utamfundisha Lali kusema?"
Nimelitoa sanduku langu. Twende.

Jumatano, 7 Mei
Boti mpaka Mokowe, halafu basi. Lali kalia mpaka sauti ikakatika, kisha akalia bila sauti. Mama mmoja nyuma: "Msomeeni huyo, ana kitu." Nikamjibu kitu alichonacho ni baba mzuri wa sura. Basi zima likacheka. Lali kajing'ata mkono mpaka damu.
Bi Swafia hakutoka kutuaga.

Alhamisi, 15 Mei
Mombasa niliyoijua imekufa, wameizika na ramani yake. Nimempoteza Zuhura ndani ya mji niliomwambia naujua kwa harufu. Chumba tulichopata mlango unafungukia barabarani.
Lali katoka mara moja tu. Tuktuk ikafunga breki. Dereva akashuka, akamzaba kofi. Mtoto wa miaka mitatu. Nilimkamata shati, watu wakanitoa. Wakaniambia mimi ndiye wa kupigwa, nisiyefunga mlango.
Nimenunua kufuli. Hapa hakuna anayejua ni wa nani.

Jumanne, 20 Mei
Kituo, mwanzo. Mwalimu Mercy, sauti ndogo, subira ya punda. Hakumshika Lali, alikaa sakafuni mpaka Lali mwenyewe akasogea. Nikauliza atasema lini. Kasema haahidi maneno. Ana kadi za picha: kikombe, mkate, kiatu. Mtoto anakupa picha, wewe unampa kitu.
Nikasema mwanangu mimi atasema kwa lugha tatu. Mwalimu katabasamu kama wanavyomtabasamia mlevi.

Jumamosi, 7 Juni
Idi. Zuhura kaenda kuteka maji, karai liko motoni hapa mlangoni, wateja wamejaa. Nimemfunga Lali leso kiunoni, ncha ya pili kwenye mguu wa kitanda. Jirani kachungulia. "Baba Lali, huyo ndiye mbuzi wako wa Idi?" Kampiga picha kwa simu. Nami nikacheka. Mdomo ukacheka peke yake.
Jioni Bi Swafia kapiga simu. Arusi ya Mwanaidi ni wiki ijayo. Zuhura aje. Peke yake. "Mwana mwate na babake."
Nilidhani Zuhura atakataa. Kafunga nguo zake. Nimemchukia saa nzima, halafu nimempelekea viazi vya njiani.

Jumanne, 10 Juni
Kanipa kikombe! Picha ya kikombe! Lali! Kaiokota mwenyewe, kaja mpaka kwenye goti langu, kaniwekea mkononi. Nimempa maji, kanywa, kaileta tena. Amekunywa maji kama ngamia na mimi nampa tu. Nimepiga kelele mpaka majirani wamegonga ukuta.
Nimempigia Zuhura. Nyuma yake vigelegele. Kasema "Alhamdulillahi" kama mtu anayesomewa hukumu, akakata.

Jumatatu, 16 Juni
Zuhura karudi.
Wameambiwa Lali amekufa. Watu wa Malindi. Bi Swafia kawaambia mjukuu wake alishikwa na homa. Wanawake wakaja mmoja mmoja na mafuta yao mazuri, wakamshika Zuhura mikono. Mungu akupe subira. Atakupa mwingine. Na wale wa Mkomani, waliokuwa wakimrudisha Lali mlangoni, walikaa palepale wakiangalia hina zao.
Zuhura kasema ahsante. Kwa kila mmoja. Angefanya nini, avunje arusi ya mdogo wake?
Kamfuata mama yake jikoni. Bi Swafia anapakua pilau, hata kijiko hakuweka chini.
"Uwongo upi? Mwana asonena, asokuyua kuwa u mamake, yu hai wapi? Rudi, chumba changu ni chako. Yule mwatie Msiyu."
Zuhura hakungoja bibi arusi atolewe.
Nimeutafuta mzaha wa kuandika hapa. Sikuupata.

Jumanne, 17 Juni
Nilitaka kupanda basi la asubuhi. Nimbebe Lali mabegani, nipite naye barabara kuu yote ya Amu nikisalimia. Zuhura kanishika kanzu. Wakimwona, Mwanaidi ataachwa na mwezi haujaisha. Kaniomba kwa jina la Lali mwenyewe.
Sikwenda. Amu hatuwezi kumpeleka tena. Kule ni maiti.

Ijumaa, 27 Juni
Mtu wa Amu kapita kwenye karai langu baada ya sala. Kala viazi, kasifu. Halafu kamwona Lali mapajani mwa mama yake. Kalipa na kuondoka, bakuli halijaisha. Hakumwamkia hata Zuhura.

Jumanne, 8 Julai
Kituoni. Mvua kidogo. Kuna mama mgeni, macho yamemvimba kwa kulia, kaja na kijana wake. Katuuliza sisi watu wa wapi.
Nilikuwa nishafungua mdomo kusema Amu. Zuhura kaniwahi. Kasema, "Wa hapa hapa."
Lali alikuwa sakafuni anapanga vizibo vya soda, vyekundu peke yake, vya kijani peke yake. Nikakaa karibu, nikamsogezea kimoja. Kakitazama, kanirudishia. Nilikuwa nimekosea rangi.