Nyota Iko Kwenye Sahani

Kwa Castanier,
Montréjac, Aveyron.
14 Machi 2023

Mpendwa mdogo wangu Bastien,

Nakusalimu kwa moyo wote, wewe na nyumba yako nzima. Mimi sijambo, ila vidole vyangu tu ndivyo vinavyolalamika, kwa maana baridi ya mwaka huu haikutuonea huruma. Goti lako limepoa? Shemeji yangu Noëlle hajambo? Tuliposikia redioni kwamba upepo mkali umepiga huko Nouméa, Mama aligoma kula mpaka uliposhika simu na akaisikia sauti yako kwa masikio yake mwenyewe.

Mama yako mkubwa huyo anakusalimu sana. Ametimiza miaka themanini na tisa mwezi uliopita. Anakula jibini kila mlo, na kila akienda kwa daktari anamwambia ameacha.

Barua yako niliipata na nimeisoma mara mbili. Nimefurahi mno kwamba mnakuja Septemba na kwamba mama mkwe wako anafuatana nanyi. Unaniuliza zile nyota za mahoteli ya chakula maana yake nini, umpeleke mama mkwe wapi, na usije ukajiaibisha. Hukukosea kuniuliza, maana nimebeba sahani kwenye chumba hiki cha kulia kwa miaka thelathini na moja.

Kwa ufupi ni hivi. Mahali penye nyota moja, ukiwa unapita njiani, simama ule. Penye mbili, geuza gari hata kama njia yako haikuelekea huko. Penye tatu, funga safari kutoka nyumbani kwa ajili ya chakula hicho tu. Ukiona kwenye kitabu kinachotoa nyota hizo picha ya uma na kijiko, hizo ni habari za viti, vitambaa vya meza na unyenyekevu wa wahudumu, hazihusu mapishi. Wako wenye uma na vijiko tele wasio na nyota hata moja, na wako wenye nyota ambao viti vyao vinaumiza mgongo. Isitoshe, mtu hapewi nyota ya kudumu. Kila mwaka wakaguzi wanakuja upya, hawasemi ni akina nani, wanakula, wanalipa kama wewe na mimi, wanakwenda zao.

Mama mkwe mpeleke mchana, siku ya kazi. Mkono wa mpishi ni uleule na bei inakaribia nusu. Weka nafasi mapema, na usione haya kumuuliza mhudumu kitu usichokijua. Sisi tunapenda kuulizwa.

Lakini Bastien, hayo hata kitabu kitakwambia. Mimi nataka nikusimulie jambo lililomfika kaka yako Fernand. Sikukwambia kwenye simu, maana halikuwa langu la kusema. Sasa ameniruhusu.

Unajua nyota ya hoteli yetu tunayo mwaka wa ishirini na mbili. Watu wanatoka Toulouse, wengine Lyon, wanakuja kwenye kijiji chenye kanisa moja na duka moja la mkate, kwa sababu ya nyota hiyo. Watu watano wanakula kwa jasho lake, bila kumhesabu Fernand wala mimi.

Novemba ya mwaka juzi, Fernand alishikwa na homa, akalala siku kumi. Alipoinuka alirudi jikoni siku hiyohiyo, unamjua. Asubuhi ya pili nikaingia kuchukua mkate, nikakuta moshi. Siagi ilikuwa inaungua kwenye kikaango, imeshakuwa nyeusi, na Fernand amesimama juu yake akikatakata vitunguu kwa utulivu kabisa.

"Fernand, unaunguza!"

Akatazama kikaango. Kisha akanitazama mimi. Sijawahi kuona uso kama ule kwa kaka yangu, hata siku tulipomzika Baba.

"Josiane," akaniambia, "sisikii harufu. Tangu nilipoamka sisikii harufu ya kitu chochote."

Chumvi aliijua ulimini, na siki, na uchungu. Basi. Mengine yote yalikuwa yamekwenda na homa: uyoga, siagi, divai, mkate ukitoka kwenye tanuru. Daktari wa Rodez alisema huenda yakarudi, huenda yasirudi. Fernand akaniapisha nisimwambie mtu.

Akawa anapika kwa kumbukumbu na mizani. Alipima kila kitu kama mfamasia. Mimi nikawa napeleka sahani na kurudi nikichungulia nyuso za wageni, roho mkononi. Wiki ya tatu, bwana mmoja mzee, mgeni wetu wa miaka mingi, aliacha nusu ya samaki wake. Alikunja kitambaa chake vizuri, akaomba kahawa. Afadhali angegombana.

Sasa nikutajie Bi Léonie Vayssade. Wewe humjui, alikuja baada ya wewe kuondoka. Ni mwanamke mfupi, mnene wa mikono, na kwa miaka kumi na tisa alikuwa anatuoshea masufuria. Katika miaka hiyo yote hakuna sufuria iliyoingia kwenye maji yake bila yeye kupitisha kidole kwanza na kukilamba. Tulikuwa tunamcheka. Tulidhani ni njaa.

Mchana ule sahani ya yule mzee iliporudi, Bi Léonie alionja mchuzi, akakausha mikono, akamwendea Fernand mbele ya watu wote.

"Bosi, utanisamehe. Mchuzi huu si wako."

"Una kasoro gani?"

"Kungumanga haimo kabisa. Na siagi imekaa motoni kupita kiasi. Wiki ya tatu hii. Nilidhani una hasira na mtu."

Fernand akawa mwekundu mpaka masikioni, upawa uko mkononi, nami nikajisemea leo ataurusha. Hakuurusha. Alikwenda kabatini, akachukua kijiko kisafi, akampa.

"Onja na mchuzi huu," akamwambia. "Halafu uniambie, usinifiche."

Hivyo ndivyo walivyoanza. Alimweleza ukweli siku hiyohiyo, na wengine jikoni nao wakaujua. Kila kilichopikwa kilipitia kwa Bi Léonie kabla hakijafika kwangu. Hakuwa na maneno ya wapishi. Alisema, "Huu unanuka kabati la bibi yangu," au, "Huyu kondoo anataka kitu cha kumwamsha." Na Fernand, Bastien, alikuwa anafumba macho, anafikiri, kisha anatia majani mawili ya mlimani au tone la siki, na Bi Léonie anaonja tena na kutikisa kichwa: bado. Anatia tena. Mpaka aseme, "Hapo." Ulimi wa mmoja na mikono ya mwingine. Nimeishi na kaka yangu miaka sitini, na sikujua kwamba ana unyenyekevu wa namna ile ndani yake.

Si wote waliofurahi. Thierry, msaidizi wake wa kwanza, alinuna wiki nzima. Siku moja akasema kwa sauti, "Kumbe sasa tunaongozwa na sabuni!"

Bi Léonie hata hakugeuka. "Sabuni ndiyo inayojua ulichokiunguza wewe, mwanangu. Kila siku. Nikuhesabie?"

Jiko zima likaangua kicheko, na Thierry mwenyewe akacheka mwishowe. Tangu hapo akawa anamletea kijiko yeye wa kwanza.

Mwezi wa Oktoba mwaka jana, siku ya Alhamisi mchana, alikuja mama mmoja peke yake, koti la kijivu, viatu vya kutembelea. Alikula polepole, akamaliza kila kitu, akalipa. Kisha akanionyesha kadi yake, jambo wasilolifanya ila mara chache. Mkaguzi. Akaomba kuingia jikoni amwone mpishi.

Nilimpeleka.

Alimsifu Fernand kwa samaki, kisha akamuuliza kwa adabu, "Mchuzi ule una kitu nyuma yake, kinakuja baada ya kumeza. Unafikaje hapo?"

Fernand angeweza kutabasamu tu. Angeweza kusema siri ya nyumba. Wapishi wangapi wanasema hivyo! Mimi nilikuwa namwomba kwa macho aseme hivyo. Yeye akavua kofia yake.

"Bibi, mimi sisikii harufu karibu mwaka mzima sasa. Mkono ni wangu. Anayeonja ni huyu hapa."

Akamwonyesha Bi Léonie, mikono imo kwenye maji mpaka viwikoni. Nilijua yamekwisha. Niliwaza nitamwambiaje Mama.

Mkaguzi alimsogelea. "Na wewe mwenyewe ulionaje samaki wa leo?"

Bi Léonie akakausha mikono kwa aproni, taratibu. "Ile mbegu ya shamari ilizidi kidogo. Nilimwambia. Leo hakunisikia, ana kichwa kigumu."

"Kweli, ilizidi kidogo," akajibu yule mama. Sikuona kama anacheka au la. Akafunga mkoba wake, akamgeukia Fernand. "Bwana Castanier, mimi nilikuja kula sahani, sikuja kupima pua ya mtu. Nyota iko kwenye sahani." Akaaga, akaenda zake.

Hakuahidi kitu. Tulingoja miezi mitano, na usidhani ilikuwa miezi myepesi. Fernand alisema nyota ikienda na iende, lakini hatamwongopea mtu juu ya kazi ya mtu mwingine. Thierry alikuwa anavuta sigara mbili mbili. Bi Léonie peke yake ndiye aliyekuwa akiimba kwenye sinki.

Wiki iliyopita orodha ikatoka. Jina letu limo. Nyota yetu moja, palepale ilipokuwa.

Fernand hakupiga kelele. Jumatatu, siku tunayofunga, alimwita Bi Léonie aje mchana. Akaja na nguo za kazi, akidhani kuna masufuria. Fernand alikuwa ametandika meza iliyo katikati ya chumba, kitambaa cheupe, glasi zote. Miaka kumi na tisa, Bastien, na yule mama hajawahi kukaa kwenye kiti cha chumba kile. Akakataa. "Nitakichafua," akasema. Nikamvutia kiti mimi mwenyewe, kama ninavyomvutia mgeni yeyote, akakaa pembeni kabisa mwa kiti.

Fernand alipika peke yake na kumhudumia kwa mkono wake. Samaki, kondoo, viazi vya kupondwa vinavyovutika kwa jibini. Alisimama kando yake, mikono nyuma, kama mwanafunzi anayengoja alama.

"Kaa ule na wewe, bosi," Bi Léonie akamwambia.

"Nile ya nini? Kwangu ni kama kutafuna karatasi."

Bi Léonie akamsogezea kiti. "Kaa. Nitakusimulia."

Akakaa. Na yule mama akawa anachukua tonge, anatafuna, anatua uma, na kumwambia. Huyu ana harufu ya mvua ikianza kunyesha juu ya majani makavu. Hii siagi imefika palepale, ni kama lozi. Hapa limau linachungulia, sasa limejificha. Fernand alikuwa amefumba macho, uma mkononi, na kila alipoambiwa kitu alikula tonge lilelile, akaitikia kwa kichwa, na machozi yakimshuka bila yeye kuyafuta. Nikarudisha mlango polepole, nikawaacha.

Nisalimie shemeji Noëlle, watoto wako Hélori na Maud, na mama mkwe wako ambaye bado sijamwona lakini nimeshampenda kwa kuwa anapenda kula. Mama anawabariki, Fernand anawabusu, na Bi Léonie anasema mje na njaa.

Mungu awalinde baharini na angani mpaka tuonane.

Ni mimi dada yako, ambaye umbali wa bahari zote hizo haujanipunguzia hata chembe ya kukupenda,

Josiane Castanier