Pampu ya Maji ya Pijo ya Baba

Mpendwa Mama Afrakoma, naomba msaada wako kabla sijamliza mama yangu tena, maana mwaka huu amelia vya kutosha.

Baba yangu aliendesha teksi hapa Kumasi, Pijo 504 iliyoandikwa nyuma "Onyame Nnae", yaani Mungu hajalala, na sisi watoto tuliijua injini yake ikiwa bado mbali, tunaacha mchezo tunakimbilia vitabu, na Jumapili alitupakia sote kwenda Effiduase kwa bibi, sisi nyuma tunagombania mahindi ya kuchoma, mama mbele na kilemba chake akisema, "Kwaku, polepole, hujabeba mbao!" na baba anacheka, anaongeza mwendo. Mama hadi leo huwaambia wenzake kanisani kwamba injini ile ni ileile iliyompeleka harusini.

Baba alifariki mwaka jana. Mwezi ujao tunatimiza mwaka wake huko Effiduase, na siku hiyo ukoo wake utamkabidhi gari mpwa wake Oppong, ndiyo mila yetu na sigombani nayo, ila Oppong kasema wazi, "Dada, likija linatembea nitaliendesha kama mjomba. Likija linavutwa kwa kamba, naliuza chuma chakavu." Na halitembei, pampu ya maji ilikufa, baba mwenyewe aliing'oa kabla hajalazwa. Mama ana ombi moja tu, apande kiti cha mbele mara ya mwisho.

Nikaagiza pampu mtandaoni, nikaandika Pijo 504 nikabonyeza, ikaja, nikailinganisha na ile ya zamani, matundu ya bolti hayakutani. Nikaagiza tena kwa namba ya chesisi iliyo kwenye kadi ya gari, nikajiona nimeshapata akili, nayo ikakataa. Fundi Atta, rafiki wa baba wa pale Suame Magazine kwenye magereji, akanicheka, "Dada, kadi inajua bodi tu. Niache nifungue boneti nisome namba kwenye injini yenyewe." Lakini tangu mazishi mama amefunga boneti kwa kitambaa chekundu na cheusi, anasema hakuna wa kuifungua ila mwenyewe.

Na hapa ndipo ninapokwama, maana nakumbuka nikiwa mdogo gari lililala Magazine karibu msimu mzima wa mvua, baba akisema linasafishwa tu, na kila mchana mama alimpelekea fufu, mimi nimeshika bakuli la supu, na liliporudi lilikuwa na mngurumo mwingine, mzito, nikamuuliza baba akanijibu, "Limekua, kama wewe." Sasa naogopa injini ile si ya harusini. Atta akisoma namba, mama atajua baba alimdanganya. Nifungue kwa siri akiwa kanisani, au nimwachie Oppong auze chuma chake?

Pokuaa, Tafo.

Pokuaa mwanangu,

Pole kwa baba. Na mimi nilikuwa na wangu mwenye gari, najua unasikia nini likipita linalofanana nalo.

Sasa nikugombeze. Kuandika "Pijo 504" ukabonyeza ni sawa na kwenda soko la Kejetia kuuliza, "Jamani, mmemwona Mwashanti?" Utaletewa wengi, wako hayumo. Na hilo la pili ndilo limenichekesha. Wewe Mwashanti mzima hujui kwamba mtoto hupata ukoo kwa mama na roho kwa baba? Magari yetu ya Kumasi ndivyo yalivyo. Bodi ina ukoo wake, injini ina wake, na giaboksi imetoka kwa watu wasiojulikana. Kadi haikuwepo Magazine siku injini ilipobadilishwa.

Halafu soma tena barua yako. Nani alikuwa anapeleka fufu? Mwanamke aliyekaa mchana baada ya mchana kati ya mafundi, injini ikishushwa mbele ya macho yake, ndiye unayetaka kumficha? Mama yako anajua, mwanangu. Alijua kabla yako. Harusi anaitaja kwa sababu alimpenda mumewe. Wala haiogopi namba. Anaogopa mkono mwingine ukifungua ile boneti, basi Kwaku ameondoka kweli.

Kwa hiyo mambo ya siri acha. Mpikie supu, kaa naye, umuulize, "Mama, ile injini mliitoa kwenye gari gani?" Hiyo ndiyo taarifa ya kwanza ya gari lako, na iko jikoni kwako. Kitambaa akifungue yeye mwenyewe. Atta afute grisi, upige picha ya namba ya injini. Ile pampu ya zamani ipige picha pande zote, rula pembeni, matundu yote yaonekane. Mtumie muuzaji, na usitoe hata pesewa moja mpaka akujibu kwamba inalingana.

Atta akishaifunga pampu, mwite Oppong aje alichukue gari hapohapo Tafo, alishike usukani yeye mpaka Effiduase, mama mbele. Wewe kaa nyuma na mahindi yako. Na mama atakapomwambia, "Polepole, hujabeba mbao," Oppong naye afanye kama mjomba wake. Acheke, aongeze mwendo.