Likizo Hii Usije

Mjukuu wangu mpenzi,

Sisi huku wazima. Cherehani imepona na kuku wako ametotoa. Kitanda chako nakitandika kila asubuhi, ingawa hakuna anayekilalia.

Juzi baba yako mkubwa alikuja na wageni. Walisifu sana chai yangu, kisha wakasema wana kijana anayetafuta mke. Nikawajibu, "Mjukuu wangu yuko bwenini, anasoma."

Baba yako mkubwa akacheka. "Si wanafunga shule mwezi ujao? Tutamsubiri."

Nimezungumza na yule mama mfadhili anayekulipia ada. Amekubali ukae kwake likizo yote. Nenda, mama. Nina hamu na wewe mpaka chakula hakipiti, lakini nyumbani usije.

Ni mimi bibi yako, nisiyekuchoka.