Kivinjari Kimoja, Simu Mbili

Jumatatu, 3 Machi 2025

Simu imejaa tena. Inataka nifute kitu. Nifute nini — picha za Mayu, mama yangu? Nimeangalia vizuri, kumbe nina vivinjari vitatu. Mtu mmoja, vivinjari vitatu, kama baba mwenye miji mitatu! Kitabaki kimoja.

Kilichokuja na simu ni kizito na kinakula bando kama ng'ombe aliyeingia shamba la watu. Chekundu kinabana bando, hapo sina ugomvi nacho, ila kurasa kinazileta vipande vipande, na matangazo ya dawa za miti shamba hayaniachi. Kuna hiki cha bluu alichoniwekea Clever, fundi simu wa pale sokoni. Chepesi. Naanza kukielewa.

Nimevipa vyote swali moja, ili nivitendee haki kama mtihani: mgonjwa wa saratani ya koo huishi muda gani. Eti napima vivinjari. Nani namdanganya hapa?

Tangu Januari sijalala vizuri. Daktari kule Mwanza alituita pembeni mimi na kaka Gervas, Mayu tukamwacha kwenye benchi. Tulipotoka Gervas akamwambia ni vidonda vya tumbo, vimepanda mpaka kooni. Njiani akaniambia mama akijua atakata tamaa, hata uji ataukataa. Nikakubali palepale. Sikutafakari. Nafuu niliipata mimi, si yeye.

Alhamisi, 6 Machi

Cha bluu kimeshinda. Ukiandika herufi mbili tu kinamalizia, kinakumbuka ulichouliza juzi. Mwalimu mwenye vipindi vingi anataka nini zaidi? Viwili nimevifuta.

Wakati wa kukipanga kilikuwa kinauliza maswali. Uingie kwa barua pepe? Ndiyo. Kihifadhi? Ndiyo. Kiwashe usawazishaji? Ndiyo, washa, tuendelee! Darasani nawagombeza watoto wasijibu swali kabla ya kulisoma mpaka mwisho.

Mvua haijakata hapa Nyabusozi tangu jana.

Jumamosi, 8 Machi

Nimeshinda Bisibo kwa Mayu. Amepungua. Khanga anaifunga mizunguko mingi sasa. Mke wa Gervas alimkorogea uji mwepesi, akanywa kidogo, uliobaki akawapa kuku akidhani sioni. Kwaresima hii yeye hana haja ya kufunga.

Alilalamika simu niliyompa inakwama akitafuta kwaya. Nikaona nimfanyie hisani, nikamwekea na yeye cha bluu. Haikuchukua muda, maana barua pepe ilishakuwemo — ile yangu. Clever alizifungulia simu zote za nyumbani kwa barua pepe moja na mimi ndiye niliyemwambia. Nilisema mama barua pepe ya nini, nani atamwandikia?

Maswali yale yale. Ndiyo, ndiyo, ndiyo.

Alifurahi. Anaandika kwa kidole kimoja, ulimi nje. Aliniuliza kama kinajua Kisukuma. Nikamwambia bado, kinasoma. Akacheka mpaka akakohoa, na mimi nikarudi na pikipiki nikijiona mtoto mwema kuliko wote.

Jumanne, 11 Machi

Ofisini leo nimeandika herufi mbili, kikaniletea "kwaya ya mazishi ya zamani" na "mbegu ya alizeti inapandwa mwezi gani". Sijawahi kuuliza mambo hayo. Mimi na alizeti wapi na wapi?

Baada ya vipindi nikapitia kwa Clever. Hata hakuishika simu. Akasema ndiyo maana ya ule usawazishaji: simu mbili, barua pepe moja, kivinjari kinaziona ni za mtu mmoja.

"Anachoandika mama unakiona huku, mwalimu. Na cha kwako anakiona kule."

Nikacheka kwanza. Halafu ya pili ndiyo ikaniingia. Na cha kwangu anakiona kule.

Ee Mungu wangu.

Jumatano, 12 Machi

Nimefuta historia yote. Clever anasema ukifuta huku, kule nako inafutika. Ila kabla ya kufuta niliisoma.

"saratani ya koo ni ugonjwa gani". Jumatatu asubuhi, saa ya kipindi changu cha hesabu. Bila nukta, bila herufi kubwa. Mimi nisingeuliza hivyo. Mimi naijua. Chini yake: "vidonda vya tumbo vinapanda kooni". Na chini ya hapo lile swali langu mwenyewe la muda gani, limefunguliwa tena, na si mimi niliyelifungua.

Alikaa peke yake na simu, akasoma yale. Jibu lile ninalijua lilivyo kavu. Hakuna aliyemshika mkono. Bora angeambiwa na daktari. Bora ningemwambia mimi, hata kwa kubabaika, tukiwa wawili. Nilimficha mdomoni nikaenda kumwandikia kwenye simu yake.

Wahenga walisema majuto ni mjukuu. Wangu amekuja kabla sijaoa.

Alhamisi, 13 Machi

Nimempigia Gervas nikamweleza. Hakunigombeza, na afadhali angenigombeza. Akasema Mayu yuko vilevile, jana alipalilia tuta moja la viazi, hajauliza kitu. Akasema labda hakuelewa. Ameelewa, Gervas. Mama yetu si mjinga.

Halafu nikampigia Mayu mwenyewe. Shikamoo, marahaba, habari za shule, mvua. Nikamuuliza koo linaendeleaje.

"Vidonda vinapoa, ng'wanone. Wewe fundisha watoto."

Aliniita mwanangu kwa sauti nzuri kabisa. Sasa yeye ndiye ananificha mimi.

Ijumaa, 14 Machi

Clever anasema niuzime usawazishaji, ni kubonyeza mara moja. Nimemwambia nitauzima. Sijauzima.

Leo Mayu ameuliza: "uji wa ulezi na maziwa unapita koo lililoziba". Jioni nikamtuma mke wa Gervas aukoroge. Ananiambia Mayu ameunywa wote na kushangaa nani kamwambia.

Ni wizi ninaofanya. Najua.

Jumapili, 16 Machi

Sikwenda kanisani. Sikwenda Bisibo pia. Nimekaa kitandani na simu.

Asubuhi hii, nadhani wenzake walipokuwa misani, Mayu ameuliza: "mwalimu akifiwa na mama anapewa ruhusa siku ngapi".

Nilisimama. Nikakaa tena.

Kisha lingine: "Biharamulo mpaka Shinyanga basi linafika saa ngapi". Kisha: "kipindi cha mvua njia inapitika".

Kwao ni Shinyanga. Baba yake amelala kule, na mama yake. Walipohamia huku na ng'ombe alikuwa msichana, na siku zote husema huku ni kwa kulima. Hajawahi kutuambia anataka kulala wapi. Sisi hatujawahi kumuuliza — ungemuulizaje mtu mwenye vidonda vya tumbo?

Anapiga hesabu kama ruhusa yangu itatosha kumfikisha kwao. Anaogopa nitagombana na mwalimu mkuu kwa ajili yake.

Nimepiga simu, nikakata kabla haijaita. Kwa sauti tutasalimiana tena, vidonda vitapoa tena.

Nimefungua kivinjari. Nikiandika hapa, kule kitatokea. Nimeandika: "Mayu, siku zitatosha". Nimefuta. Atajua nimekuwa nikimsoma, na aibu hiyo sijui kama ni yangu au yake. Nimeandika tena: "Mayu, nitakupeleka mwenyewe". Hakuna alama ya kuuliza. Kidole kiko juu ya kitufe cha kutafuta, na kwenye orodha hapo chini limeongezeka swali lake jipya, sijalisoma bado; ana simu mkononi sasa hivi, nikibonyeza ataona —